Wakitaka kujenga kampasi ya utafiti shehiani kwako Pemba, maoni yako yana uzito gani?

Hebu tuanze na picha moja. Asubuhi, kwenye ukuta wa ofisi ya sheha, imebandikwa karatasi. Serikali inakusudia kujenga kampasi ya utafiti: maabara, madarasa, dahalia, nyumba za watafiti, barabara, visima na jenereta. Wananchi wanaombwa kutoa maoni kuhusu athari za mradi kwa mazingira. Mkutano ni wiki ijayo, skuli.

Jioni barazani kila mtu ana lake. Kijana mmoja anasema hizo ni ajira, zije haraka. Mzee anauliza shamba la mikarafuu la nani litakaloliwa na barabara. Mama mmoja kasikia kwamba wataleta virusi. Mwengine anacheka tu: "Mnajisumbua bure, wakubwa washaamua."

Sasa wewe, msomaji, ukipewa nafasi ya kusimama kwenye mkutano huo utasema nini?

Picha hii ni ya mfano, hatuzungumzii mradi fulani uliotangazwa. Lakini si ndoto ya mbali. Utafiti si mgeni Pemba. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Inafanya kazi tangu mwaka 2000, na tafiti zake juu ya kichocho na minyoo husomwa mbali sana na kisiwa hiki. Sisi tunaosoma sayansi tunataka taasisi za aina hiyo ziongezeke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila ili mwenyeji apone kweli, lazima aulizwe kabla mgeni hajashusha mizigo.

Katika makala hii tutaeleza uulizaji huo unavyofanyika, na tutakuomba uondoke na jambo moja: maoni ya mwananchi kwenye tathmini ya mazingira si kura ya ndiyo au hapana. Ni data. Na data nzuri ina uzito hata kama aliyeitoa hajawahi kukanyaga chuo kikuu.

Tathmini ya athari kwa mazingira ni kitu gani?

Kwa ufupi, ni zoezi la kujiuliza kabla. Kabla tingatinga halijaingia, mwenye mradi anatakiwa aeleze kwa maandishi mambo manne: eneo likoje leo, mradi utabadilisha nini, kuna njia gani nyengine za kufikia lengo lile lile, na atafanya nini kupunguza madhara. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunautafuta ufa wakati ukuta wenyewe bado uko kwenye karatasi.

Wazo hili liliingia kwenye sheria ya nchi kwa mara ya kwanza Marekani, kupitia sheria ya sera ya mazingira ya mwaka 1969. Mwaka 1992, kwenye mkutano wa dunia wa Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana juu ya kanuni 27. Ya 17 inataka tathmini ifanywe kwa shughuli zinazoweza kuleta madhara makubwa, na ya 10 inataka wananchi wapate taarifa na washiriki kwenye maamuzi. Zanzibar haikuchelewa. Ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1996, kabla ya Kenya (1999) na kabla ya Tanzania Bara kupata sheria yake ya mwaka 2004. Inayotumika sasa ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Na. 3 ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, yaani ZEMA.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukisikia habari za mazingira kwenye redio za Bara, utasikia NEMC. Lakini NEMC haina kazi Pemba, kwa sababu mazingira hayamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Utafiti na elimu ya juu vimo. Kwa hiyo kampasi inaweza kuwa ya taasisi ya Muungano, na bado ikijengwa Pemba mlango wake wa mazingira ni ZEMA. Ukiwa na barua ya kupeleka, ijue anuani yake mapema.

Hatua zenyewe hupewa majina tofauti nchi kwa nchi, lakini mifupa ni ile ile. Mradi unasajiliwa, na mamlaka inaamua kama ni mkubwa kiasi cha kuhitaji tathmini kamili. Kisha yanapangwa mawanda: mambo gani yachunguzwe, na mpaka umbali gani. Mshauri elekezi anakwenda uwandani, anapima, anauliza watu, anaandika rasimu. Rasimu inapitiwa na wataalamu wa serikali na wananchi. Mamlaka inaamua: kibali, kibali chenye masharti, au hapana. Baada ya hapo kuna ufuatiliaji, ambao mara nyingi ndio husahaulika.

Mwananchi ana nafasi katika zaidi ya hatua moja. Nafasi ya kwanza, ile ya mawanda, ndiyo watu wengi huikosa, na ndiyo yenye faida kubwa. Jambo ambalo halikuingia kwenye mawanda halitapimwa, na ambalo halikupimwa halitaonekana kwenye ripoti.

Kisima kinachoelea juu ya bahari

Kwa nini tunasema maoni yako ni data? Tuchukue maji.

Sehemu kubwa ya Pemba ni vilima na mabonde yenye udongo mzito. Lakini ukienda upande wa mashariki, na kaskazini kama Micheweni, utakuta maweni: mwamba wa matumbawe ya kale uliojaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha hapo haikai juu, inapenya. Karibu na pwani, chini ya mwamba huo, maji matamu hukaa kama tabaka linaloelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini.

Yanaeleaje? Kwa sababu ya tofauti ndogo ya uzito. Lita moja ya maji matamu ina kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kama kilo 1.025. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, waligundua maana ya tofauti hiyo: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Hadi hapo ni habari njema. Sasa igeuze hesabu. Pampu ikivuta hadi kimo cha maji kishuke mita 1, basi hali ikishatulia mpaka wa chumvi huko chini unaweza kupanda mita 40. Huoni kitu juu ya ardhi. Siku moja tu chai inakuwa na ladha ya bahari, na kuisukuma chumvi irudi ilikotoka kunaweza kuchukua miaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya kisima yakiingia chumvi ni vivyo hivyo.

Tupige hesabu ya mfano. Kampasi ya watu 500, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inahitaji lita 50,000. Hizo ni ndoo 2,500 za lita 20, kila siku, kabla hatujaosha chupa moja ya maabara. Je, ardhi ya hapo inaweza kutoa kiasi hicho bila kisima cha jirani kuharibika?

Mshauri elekezi atakuja na vifaa vya kupimia. Lakini atakuja lini? Akipima mwezi wa Mei, masika ikiwa inamalizikia, visima vimejaa na maji ni matamu. Akiandika "maji yapo ya kutosha" hajasema uongo. Amepima siku nzuri. Anayejua habari za Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha kila kitu, ni yule mama anayechota hapo miaka 30. Anajua kisima kipi huanza kuwa na chumvi, mwezi gani, na watu hukimbilia wapi. Sisi watu wa takwimu tunaita hiyo rekodi ya muda mrefu, na tunaililia kila siku. Yeye anayo kichwani. Isipoandikwa kwenye ripoti, uamuzi utafanywa kwa kipimo cha siku moja.

Hatari haiko pale unapodhani

Turudi kwa yule mama aliyesikia habari za virusi. Tusimcheke. Swali lake ni la msingi, ila linahitaji kuelekezwa.

Mwezi wa Agosti 2007, huko Surrey, Uingereza, ng'ombe waliugua ugonjwa wa miguu na midomo. Karibu na shamba hilo, sehemu iitwayo Pirbright, kulikuwa na eneo lenye taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo inayogharamiwa na serikali, pamoja na kiwanda cha chanjo cha kampuni binafsi. Virusi vilikuwa vya aina iliyokuwa ikitumika hapo hapo. Je, kuna mtaalamu aliyevunja chupa? Uchunguzi uliona njia inayoelekea zaidi ni nyengine kabisa: mabomba ya maji machafu. Yalikuwa ya zamani, yamepasuka, mizizi ya miti imeingia, na baadhi ya chemba hazikuzibwa vizuri. Mvua kubwa zilinyesha, udongo ukaloa, na magari ya ujenzi yaliyokuwa eneo hilo yakatoka na matope kwenye magurudumu.

Unaona? Milango ya maabara ilikuwa na ulinzi. Kilichowaangusha ni bomba.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa skuli, badala ya kuuliza "mtaleta virusi?" na kujibiwa "hapana, msiwe na wasiwasi," uliza hivi: maji machafu ya maabara yanatibiwa wapi kabla hayajatoka? Yanachanganywa na ya vyoo vya dahalia au yana njia yake? Karo liko mita ngapi kutoka kisima cha karibu, na limejengwa juu ya udongo au juu ya maweni yenye nyufa? Taka za hospitali na maabara zinachomwa kwenye tanuri gani, na upepo wa kusi unaupeleka wapi moshi wake? Umeme ukikatika, jenereta inachukua muda gani kuwaka? Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kwa hiyo swali la umeme kukatika si la kinadharia. Maswali hayo yana majibu ya mita, lita na dakika. Mtu akijibu kwa maneno matupu, kila aliyehudhuria ataona.

Na kuna hatari ambayo mgeni anaweza asiifikirie kabisa. Kichocho cha mkojo, kwa miaka mingi, kimekuwa tatizo la afya Pemba. Kimelea chake hakiwezi kumaliza safari yake bila konokono wadogo wa maji baridi. Sasa ujenzi huacha nini? Mashimo ya kuchimbia kifusi, mitaro isiyo na mteremko, madimbwi. Maji yakituama miezi kadhaa na majani yakaota, konokono wanaweza kupata nyumba mpya, na watoto wakapata pa kuogelea. Itakuwa aibu kampasi ya kutafiti maradhi ikazalisha maradhi mlangoni pake. Anayejua maji hutuama wapi baada ya masika, na watoto wa mtaa huo huoga wapi, ni wewe.

Vitu ambavyo dunia nzima inavipata Pemba tu

Mkondo unaoitenga Pemba na Bara ni wa kina kirefu, zaidi ya mita 800. Unguja iliwahi kuunganika na Bara wakati bahari ilipokuwa chini, katika enzi ya barafu. Pemba ilibaki peke yake, na kujitenga huko kumezaa viumbe wake wenyewe. Kuna aina nne za ndege ambao hawapatikani kwengine, mmojawao ni ninga wa Pemba. Kuna mnazi-pori uitwao mpapindi katika msitu wa Ngezi. Na kuna popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, ambaye kwa jina la kisayansi ni Pteropus voeltzkowi.

Habari ya popo ina somo. Mwaka 1996 aliwekwa kwenye kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Alikuwa akiwindwa, na miti anayolala ilikuwa ikikatwa. Baadaye watu wa vijiji kama Kidike walianza kulinda makundi yanayolala kwao, idadi ikapanda, na akashushwa daraja la hatari. Waliomrudisha ni wenyeji wenye kujua mti upi, msimu upi.

Ripoti nyingi huwa na orodha ndefu ya majina ya Kilatini. Usitishwe na orodha. Uliza lini walihesabu, saa ngapi, na walisimama wapi. Popo anayelala juu ya mti mmoja mchana anaruka mbali usiku kutafuta chakula. Ukihesabu mchana tu, ndani ya mipaka ya kiwanja tu, utaandika "hakuna popo," na mwezi ujao ukakata miembe inayowalisha.

Lamu: mkutano wa kutambulishana hauhesabiki

Hadi hapa tumesema una kitu cha kutoa. Je, sheria inakusikiliza? Tupande kaskazini kidogo kwenye pwani hii hii.

Mwezi wa Septemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, cha megawati zipatazo 1,000. Wanajamii wa Lamu, chini ya jumuiya yao ya Save Lamu, walikata rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira. Hoja yao haikuwa tu kwamba makaa ni machafu. Walisema hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ilijibu kwamba mikutano ilifanyika.

Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilifuta leseni. Liliona kwamba mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla uchunguzi haujakamilika. Watu hawakupewa matokeo yenyewe ya uchunguzi, yaani madhara gani yatatokea na yatazuiwa vipi, wakapata nafasi ya kuyajibu. Kumweleza mtu kwamba mradi unakuja ni jambo moja, kumpa ripoti aichambue ni jambo jengine.

Hukumu ya Kenya haiamui kesi ya Zanzibar, lakini mantiki yake inasafiri. Ukiitwa mkutanoni, swali lako la kwanza liwe fupi: "Ripoti iko wapi, na tumepewa muda gani wa kuisoma?" Kama jibu ni "tutaileta baadaye," sema kwa heshima, na uhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari, kwamba mkutano huo ni wa utambulisho na mnasubiri mkutano wa maoni.

Swali moja likabadilisha hesabu

Mfano mwengine unahusu kampasi ya utafiti ya serikali kabisa. Marekani ilitaka kujenga maabara mpya ya magonjwa ya mifugo, kuchukua nafasi ya ile ya kisiwa cha Plum Island. Mwaka 2008 rasimu ya tathmini ilitolewa kwa umma, ikilinganisha maeneo sita. Likachaguliwa Manhattan, mji ulioko jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya ng'ombe, sehemu inayojulikana kwa vimbunga. Watu wakauliza: mmepima kweli hatari ya virusi kutoka?

Bunge lao likataka hesabu hiyo ikaguliwe na wanasayansi wa nje. Mwaka 2010 wakaguzi, wakitumia takwimu za tathmini ya serikali yenyewe, walisema kuna uwezekano wa karibu asilimia 70, katika miaka 50 ya maisha ya jengo, kwamba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vingetoka na kuambukiza mifugo nje. Michoro ikarekebishwa. Mwaka 2012 hesabu mpya ya serikali ikasema ni asilimia 0.11 tu. Wakaguzi wakaiona hiyo nayo imeshushwa kupita kiasi.

Jengo lilijengwa. Maoni hayakuuzuia mradi. Lakini lililojengwa si lile lililochorwa mwanzo, na tofauti hiyo ilianzia kwa watu waliokataa kupokea neno "salama" bila hesabu yake.

Namna ya kuandika maoni mazito

Ripoti ya tathmini inaweza kuwa na mamia ya kurasa, tena kwa Kiingereza kizito. Usianze ukurasa wa kwanza. Omba muhtasari wa Kiswahili. Ni ombi la haki, kwa sababu maoni hayatolewi juu ya kitu usichokisoma. Kisha nenda kwenye ramani, uone nyumba yako, kisima chako na njia yako ya pwani viko wapi. Halafu tafuta majedwali ya athari na hatua za kuzipunguza. Kama kuna mwanafunzi wa chuo mtaani, mpe kazi. Ndiyo faida ya kumsomesha.

Ukisoma, jiulize haya:

Hali ya sasa imepimwa misimu mingapi? Kimoja tu hakitoshi kisiwani kwenye masika na kiangazi.

Njia mbadala zimeelezwa kwa ukweli, au zimewekwa ili zikataliwe? Njia mbadala si lazima iwe "tusijenge." Inaweza kuwa kiwanja chengine, kuvuna maji ya mvua mapaani, au kutumia majengo yaliyopo.

Wamejumlisha na vilivyopo? Kisima kimoja kipya kinaweza kuwa hakina neno. Kisima hicho pamoja na vya hoteli, vya skuli na vya mashamba ni hesabu nyengine.

Kila ahadi ina mwenyewe? "Taka zitasimamiwa ipasavyo" si ahadi. Ahadi ina nani, lini, kwa fedha gani, na nani atakagua.

Halafu andika. Linganisha maoni haya mawili:

"Tunapinga mradi huu kwa sababu utaharibu maji yetu."

"Ripoti inasema kisima cha kijiji kilipimwa Mei na maji ni matamu. Sisi tunaochota hapo tunajua kuwa kuanzia Januari hadi masika maji yake huingia chumvi, na watu huhamia kisima cha bondeni. Tunaomba kipimo kirudiwe Februari kwenye visima vyote viwili, kifanywe kipimo cha kuvuta maji kwa pampu, na kibali kiweke kiwango cha chumvi ambacho kikifikiwa pampu ya kampasi inazimwa."

Ya kwanza ni kilio cha kweli, lakini ni rahisi kuijibu kwa sentensi moja. Ya pili inamlazimisha mtu arudi uwandani. Ina mahali, ina msimu, ina ombi linaloweza kutekelezwa. Iandike kwa nakala mbili, moja ipokelewe na kugongwa muhuri, ya pili ubaki nayo. Neno lililosemwa mkutanoni linaweza kupotea kwenye makofi.

Tusidanganyane

Utaratibu huu una udhaifu wake. Anayemlipa mshauri elekezi ni mwenye mradi. Hilo ni jambo la kawaida duniani, na si kila mshauri ananunulika, lakini ni sababu tosha ya wewe kuisoma ripoti kwa jicho kali. Na mradi ukiwa wa serikali, anayeomba kibali na anayekitoa ni watoto wa nyumba moja. Hapo ndipo jicho la nje linapohitajika zaidi.

Pia ushauri mzuri unaweza kupuuzwa. Miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing ilitaka kufuga kamba kwenye delta ya Rufiji, kwenye eneo la hekta 10,000 zenye mikoko mingi. NEMC iliipitia tathmini na kushauri mradi ukataliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Wanavijiji wa delta hawakukaa kimya, walikwenda Mahakama Kuu. Mwishowe ule mradi haukujengwa. Bara wakati huo hata haikuwa na sheria kama ya leo. Lakini kumbukumbu zilikuwepo, zimeandikwa na wataalamu na wananchi, na penye maandishi mtu wa kesho ana pa kushika.

Kwa hiyo yule mwenzetu wa barazani anayesema "wakubwa washaamua" anaweza siku nyengine kuwa na haki. Ila akinyamaza, anawarahisishia. Na hata mradi mzuri, ambao wote tunautaka, unaharibika kwa kukosa mtu wa kuuambia kwamba bonde lile hufurika, kwamba kichaka kile ni makaburi, kwamba kisima kile Februari hakinyweki.

Pemba ina watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, kwenye kisiwa cha kilomita za mraba zisizofika 1,000. Hakuna ardhi tupu hapa. Kila kiwanja kina historia, na kila historia ina mtu anayeijua. Ukiona karatasi kwenye ukuta wa sheha, usiisome ukaondoka. Ipige picha, uliza ripoti iko wapi, kisha nenda kamuulize mama anayechota kisimani: maji yanakuwaje kiangazi? Andika anavyokujibu, neno kwa neno, pamoja na mwezi.